Tausi wa Kwenye Lori

Gungu, Kigoma
Jumapili, 8 Oktoba 2023
Asubuhi: mawingu upande wa Kongo, manyunyu kidogo, ziwa limetulia.

Mpendwa Mama Mkubwa Elida,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na joto la Tanga umeshalizoea? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo alfajiri, lakini bustani yake ya mchicha haikosi hata siku moja. Mume wangu Gervasi bado anafundisha, na watoto wanakuamkia.

Mvua zimeanza kwa kusitasita. Mahindi tumeshapanda, mengine tunamwachia Mungu.

Sasa nikupe habari iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa kucheka.

Majuzi jirani yangu Dunia, muuza mawese, alituletea flashi yenye filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa Kiswahili. Unanijua: nyimbo zikizidi, nainuka kuosha vyombo. Hii sikuinuka. Inamhusu binti aitwaye Kavita, ambaye utotoni alikuwa akimsaidia baba yake kupamba malori kwa rangi, maua na ndege. Baba akafariki, ukoo ukampeleka kusomea uhasibu, akawa mtu wa benki. Siku moja anakuja kijana dereva kuomba mkopo. Ubavuni mwa lori lake kuna tausi aliyechujuka, naye anampenda sana tausi yule. Anamwuliza Kavita kama anamjua aliyemchora. Kavita anajibu kwamba hamjui. Na kweli hamjui, Mama Mkubwa, mpaka siku anapoweka kiganja juu ya bawa la tausi, akautambua mkono wake mwenyewe wa utotoni.

Sijaona filamu iliyotengenezwa kwa uangalifu namna ile. Mapenzi yao yanakwenda polepole. Kijana hamsukumi, anaegesha tu lori mahali ambapo Kavita ataliona. Kasoro yake ni moja: mwishoni binti anaacha kazi, anapanda lori, wanaondoka. Nikajiuliza, na mshahara je?

Dunia aliniona najifuta macho. "We Scola, mume wako alipolazwa hukulia hivi."

Gervasi akacheka, kisha akaniuliza, "Kwani wewe, mama, ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani?"

Nikamjibu, karani.

"Hakuna mtoto anayeota kuwa karani. Fikiria tena."

Kesho yake ofisini nilijikuta nachora herufi pembeni mwa karatasi, herufi zenye mkia uliojikunja, zile ulizoandika wewe kwenye boti ya Babu. Nikaiona pwani ya Kibirizi ile ya zamani, nami na brashi yangu, wewe umenishika kiuno nisianguke. Nilitaka kuandika majina ya boti. Basi.

Bahati ilikuwa mbalamwezi. Boti za dagaa zilikuwa zimepumzika ufukweni, maana taa hazifui dafu mbele ya mwezi. Mdogo wako, Mjomba Elikana, alikuwa anamalizia boti mpya, na stika za jina alikuwa ameshanunua. Nikamwomba aniachie niandike kwa mkono.

"Scola, boti si daftari," akasema. "Mwezi ukipungua naingia majini. Nakupa ubavu mmoja. Ukiuharibu, nabandika stika juu yake."

Jumamosi iliyofuata nikaenda na rangi. Herufi ya kwanza ikateleza, ikachuruzika kama uji. Mafundi walikuwa wameziba nyufa kwa pamba na mawese, na ubao ulikuwa bado unatoa mafuta. Vijana wa boti wakafurahi. "Dada karani, rudi ukachape kwa kompyuta." Mjomba akaanza kufungua bahasha ya stika.

Ndipo mkono ukakumbuka kabla ya kichwa. Nilikwenda kwa mama mmoja anayekaanga mihogo pale pwani, nikaomba majivu. Nikasugua ubao, nikapangusa, nikasugua tena mpaka ukakauka. Ni maneno yako yale, kanga umeifunga kifuani: ubao ulioshiba mafuta haupokei kitu, uufungishe kwanza.

Nikaandika SUBIRA, jina alilolichagua Mjomba. Alisimama nyuma yangu mpaka herufi ya mwisho.

"Huo mkia wa herufi nani kakufundisha?"

Sikujibu kama Kavita. Nikamwambia, "Dada yako."

Akazirudisha stika kwenye bahasha.

Boti imeingia majini Alhamisi, na wenye boti wengine wawili wameniambia wananisubiri mbalamwezi ijayo. Ofisi siiachi. Mwezi utanipangia ratiba.

Lakini ubavu wa pili wa SUBIRA hauna kitu. Nilitaka kuumalizia, Mjomba akakataa. Anasema huo ni wa dada yake. Nimeangalia kalenda: mbalamwezi ya Desemba inaangukia Krismasi, boti itakuwa nchi kavu. Njoo, Mama Mkubwa. Mguu usikutie hofu, utakaa kwenye kigoda, na majivu nitasugua mimi.

Msalimie Baba Mkubwa Bonaventura, na dada Leonia na kichanga chake. Mungu awafunike kwa mkono wake, na mguu wako aupe nguvu za safari.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Scola

Nyongeza, Jumatatu: jana baada ya kuikunja barua niliona taa za dagaa zimejaa ziwani, nikakaa kutafuta ya Mjomba. Nililala saa sita kasorobo.