Mizinga ya Bondeni Unayosema Haina Uhai

Shamba la Pascoe,
S.L.P. 41, Omeo,
Victoria.
21 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Lindsay,

Jumanne ya tarehe 9 Julai, nikiwa nimelazwa hospitali ya Bairnsdale, nilipoteza mizinga yangu yote kumi na miwili ya bondeni, ile yenye nyuki wa ukoo wa baba. Nimelitanguliza hili mbele ya salamu usije ukadhani hii ni barua ya salamu tu.

Sasa salamu. Hujambo? Janine wako hajambo, na kifua chake kimepona? Mwanenu Kirra ameizoea shule mpya? Mimi namshukuru Mungu. Nyonga hii mpya niliyowekewa ni nzuri kuliko ile niliyozaliwa nayo, ila bado natembelea magongo, na ngazi za nyuma nazishuka kwa makalio kama mtoto mdogo. Huku sakitu, ile barafu ya nyasini, haiondoki mpaka saa nne asubuhi. Juzi maji ya kuku yaliganda, ndoo ikapasuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikitaja nyuki unanihamishia kwenye samaki wa mtoni.

Asante kwa kuja kunishikia nyumba. Kuni umezipasua vizuri na kuzipanga vizuri, mbwa wamenenepa. Hayo nimeyaona na nayasema.

Sasa ile simu yako ya Jumanne. Muuguzi alikuwa ananibadilishia bandeji. Ukasema umefungua mizinga ya bondeni, "na hawana uhai, dada, hata mmoja." Nikakuuliza kama wamekufa. Ukasema, "Si ni kitu kilekile, Gwenda? Usianze mambo ya baba."

Si kitu kilekile. Kiingereza chetu kina maneno mengi ya jambo hili na watu wanayatumia ovyo, lakini kwenye meza ya jikoni ya baba kila neno lilikuwa na kiti chake. Jiwe ni inanimate, na mzinga mtupu pia: havijawahi kuwa hai, kwa hiyo hakuna cha kuvililia. Nyuki aliyeganda kwa baridi, miguu imekunjika, ukimpulizia hatikisiki, huyo ni lifeless, hana uhai, kama ulivyosema wewe. Hilo ni neno la macho, linasema ulichokiona, basi. Dead, amekufa, ni neno la mtu aliyekwisha kuhakikisha, na baba hakuruhusu mtu alitamke kabla nyuki hajawekwa kwenye kasha la kiberiti kando ya jiko mpaka birika lichemke. Na nani alikuwa akilibeba kasha hilo ndani ya shati, akikataa kuja mezani? Si mimi. Mimi nilikuwa nakula chakula changu na chako.

Baba mwenyewe alipokufa, daktari alikuwa na neno lake la kwenye fomu, kasisi akasema ametutoka, shangazi Edna akaanza siku hiyohiyo kumwita marehemu. Lakini nyuki lazima wapelekewe habari, tena waziwazi, la sivyo wanahama. Tulishuka bondeni mimi na wewe. Wewe ndiye uliyebisha kila mzinga kwa ufunguo wa nyumba ukawaambia, "Baba amekufa. Wenyewe wenu sasa ni sisi." Ulilisema neno lenyewe, na hukutafuta jingine la kulifunika. Kwa hiyo Jumanne ile ulipolikwepa, nilikusikia ukilikwepa.

Ulisema pia umeichoma yote shimoni, ugonjwa usienee. Sawa, mizinga yenye ugonjwa huchomwa. Ila mbao huungua, Lindsay, bati haliungui. Kila mzinga wangu una kifuniko cha bati na fremu nane za masega zenye nyaya. Ukichoma mizinga kumi na miwili unabaki na bati kumi na mbili na nyaya za kujaza toroli. Nimechokoa majivu kwa gongo. Nimepata bati moja, na nyaya za mzinga mmoja. Basi mmoja ulikufa ukauchoma, nakubali, nadhani ni ule wa mwisho karibu na uzio uliokuwa dhaifu tangu Aprili. Ile mingine kumi na mmoja iliungua na bati zake?

Uliondoka Alhamisi alfajiri, ukijua natoka hospitali siku hiyohiyo. Hukunisubiri hata tunywe chai. Aliyenileta ni Noel Hibberd, jirani wa ng'ambo ya mto, naye akaniambia njiani kwamba amekuona ukipita na tela limefunikwa turubai, limejaa mpaka juu. Akaniuliza, "Mdogo wako anahama na vyombo vyako au vyake?" Nilicheka mpaka nyonga ikauma. Nilipofika bondeni cheko liliisha.

Vile vigingi vya kukalishia mizinga viko vitupu. Kwenye nyasi chini yake nilikuta nyuki wachache wameanguka, wameganda, hawatikisiki. Lifeless, ungesema, na ungekuwa umesema kweli. Nikawaokota kwenye kasha la kiberiti, nikaliweka kando ya jiko, nikabandika maji. Birika halijaanza kulia, mmoja akanyoosha mguu. Akafuata wa pili. Wa tatu alinichoma kidole, na sijawahi kuufurahia mwiba kama ule. Siku ya tatu walikufa wote, maana nyuki bila malkia na wenzake hana pa kwenda. Hao naweza kukuambia wamekufa. Nilihakikisha.

Nimejaribu kukutetea. Nikasema, mtu aliyekaa Robinvale kwenye joto miaka kumi na mitano anaweza kufunua mzinga kwenye sakitu, akaona nyuki wamejikunyata kimya, akaogopa. Kosa la namna hiyo ningelisamehe kabla hujaliomba radhi. Lakini unafanya kazi kwenye mashamba ya lozi. Lozi zinachanua Agosti, na kila mwenye shamba huko sasa anatafuta kwa udi na uvumba mizinga ya kukodi, nyuki wamchavushie maua. Sijasema kitu. Najumlisha tu.

Wala usidhani ni pesa. Pesa nilianza sina, na kiwanda cha siagi nilikofanya kazi kilipofungwa niliishi kwa nyuki wale. Kila masika nimechagua malkia kwa mkono wangu, nikabakiza wanaoishinda baridi ya Omeo. Hawauzwi popote. Wakizaliana na madume ya huko kwenye joto, ukoo wa baba umekwisha, na hakuna wa kuurudisha.

Kila jambo la nyumba hii nimekuwa nikibisha mizingani na kuwaambia nyuki. Hata la nyonga waliambiwa kabla sijaenda hospitali. Sasa nimerudi nina habari na sina pa kubisha.

Nisalimie Janine sana, na Kirra mwambie farasi wake mzee bado anamtafuta getini. Shangazi Edna anawasalimu na anauliza kwa nini hukupita kwake. Nimemwambia ulikuwa na mzigo. Mungu awalinde, awape afya, na akupe wewe ulimi mwepesi.

Nataka jibu moja, kwa simu au kwa barua, na habari za samaki baadaye: walikufa, au wako kwenye lozi? Nakupa mpaka Ijumaa tarehe 2 Agosti, saa kumi na moja jioni. Ukisema wamekufa, niambie uliwapasha moto kwenye jiko lipi. Ukisema wako hai, warudishe kabla maua hayajafunguka, na mimi na wewe tutakunywa chai. Ukinyamaza, Jumamosi alfajiri Noel analeta gari, tunakuja huko kwenye lozi. Alama ya moto ya baba iko kwenye kila sanduku la mzinga, na ufunguo wa nyumba wa kuwabishia nitakuwa nao mkononi.

Ni mimi dada yako, anayekupenda bado,
Gwenda