Majani ya Makuku ya Komanda

Siku ya kwanza ya juma, 4 octobre

Nimemwanga maji tena. Mahindi ya juzi imetoa mizizi, meupe sawa meno ya mutoto. Ile ya wiki iliyopita iko majani sasa, imeshikana chini sawa mukeka. Naikunja, naikata na panga, natupia makuku. Inapigana. Muzuri kuangalia.

Kazi haiko nguvu. Unalaza mahindi mu maji ya vuguvugu. Unaitandika juu ya manjanja ya zamani, ile ya kuezeka nyumba, yenye matundu. Unafunika na gunia iliyolowa. Asubui maji, saa sita maji, mangaribi maji. Ukisahau inaoza, inanuka sawa soksi ya Komanda.

Makuku haiko yangu. Komanda wa basoda, baaskari benye balikamata mutaa yetu, alikusanya makuku ya kartie yote, akafunga mu lupango, ule uwanja wa ukuta wa muchuuzi mwenye alikimbilia Kampala. Naijua moja moja. Ile ya madoadoa ni ya mujane wa chini. Jogoo nyekundu ya jicho moja ni yangu miye. Namulisha kila siku kwa faida ya mwizi wake. Yeye ananiwikia. Mujinga.

Kazi nilipewa ju ya mudomo. Basoda balikuwa banatupa mahindi kavu mu matope, makuku inakufa. Nikapita, nikacheka: "Komanda, hata kuku inataka mupishi." Nilingojea kofi. Akanipa bassin.

Sasa siri. Kila asubui Komanda ananipimia bassin ndogo ya mahindi. Anataka kuona bassin moja ya majani inaingia kwa makuku. Bassin moja kwa bassin moja. Anaona iko hesabu ya mutu mwenye akili. Hajue mahindi ikikunywa inavimba, ikiota inazidi tena. Robo tu inajaza bassin. Ingine inashuka mu suruali yangu. Nimefunga suruali na kamba ku miguu. Natembea sawa bata.

Ni ya Kavugho, muke wangu. Shamba yetu iko Vuhovi, na ku Vuhovi sasa mutu anaenda, harudi. Miguu yake imevimba na njaa. Alianguka ku chemchem na ndoo ikavunjika. Bila hii mahindi atakufa. Kufa haina jina ingine.

Siku ya ine, 7 octobre

Kavugho alienda ku choo peke yake. Wakati wa kurudi akaniita mbwa mwenye suruali ya wanawake. Anapona.

Hatutwangi. Kinu inasikika, na mu kartie hii nani iko na kitu ya kutwanga? Tunachemsha nzima nzima, tunatafuna. Meno yangu imebaki kidogo. Mbegu zingine nameza sawa vidonge.

Siku ya tano, 8 octobre

Mubaya. Kaporali amejua.

Ni yule wa ndevu mwenye analinda mulango, mutu wa mbali, Lingala tupu, Kiswahili anaokota okota. Nikapita mbele yake na mwendo yangu ya bata. Akagonga paja yangu na kitako ya bunduki, pole pole. Ikalia shaa.

"Papa, mahindi inaota mu mapaja?"

Nikasema ni ugonjwa ya bazee. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mama yake, kule kwabo, alikuwa anaotesha mahindi ju ya kupika lotoko, ile pombe inayounguza koo. Amekulia mbele ya mahindi yenye kuvimba. Aliona wizi wangu tangu siku ya kwanza, alikuwa anangojea tu nizoee.

"Nusu," akasema.

Nilimulaani na Kinande, pole pole, na meno nje sawa ninamushukuru. Nikamupa nusu.

Siku ya Mungu, 10 octobre

Misa. Padri aliomba kwa ajili ya wenye kutesa. Miye pale nilikaza kamba ya suruali.

Sahani imepunguka. Kavugho ananiuliza kwa nini. Nikamwambia Kaporali. Nilizani atamulaani pamoja na miye, tulaani bawili, itakuwa furaha. Lakini jioni ule mutu alikuja mwenyewe mpaka mulangoni na chumvi mu karatasi. "Mama, mbote." Akakaa juu ya kinu. Akamwambia mama yake pia miguu ilikuwa vile. Kavugho akamupa kiti yangu.

Yangu!

Alipotoka, nikamwambia Kavugho: chumvi ile ametununua nayo na mahindi yetu. Akasema: "Angalau yeye ananunua. Weye ulinioa na mbuzi ya deni."

Namuchukia ule Kaporali. Zaidi ya Komanda. Komanda hajakaa mu kiti yangu.

Siku ya pili, 12 octobre

Bageni ba Komanda balikuja na gari. Bakachinja ile ya madoadoa, ya mujane. Mupishi wa Komanda akapasua ile kifuko ya shingo yenye kuku inaweka chakula. Majani. Majani na mizizi, na maganda ya mbegu. Komanda akaja na kile kifuko mukononi, damu inamwangika ku buti.

"Vieux, weye muzee. Kila siku bassin. Iko wapi mahindi yangu?"

Nikasema imegeuka majani, Komanda, ni vile kazi inaenda. Akasema yeye haiko mujinga, majani kidogo vile haiwezi kutoka mu mahindi mingi vile. Kumbe aliweza kuhesabu, alihitaji tu kuku mufu.

Bakapekua. Miye sikuwa na kitu, ilikuwa mapema, suruali ilikuwa bado tupu. Mu mufuko ya Kaporali bakakuta mahindi kavu.

Komanda akanigeukia. "Ni yeye?"

Kaporali aliniangalia. Aliweza kusema jina yangu. Mudomo ilikuwa yake, hakuna mwenye aliifunga. Hakusema.

Nikasema: "Ni yeye, Komanda. Kila siku. Ananiogopesha na bunduki."

Ile ya bunduki nilitia mwenyewe. Ilikuja vizuri.

Siku ya ine, 14 octobre

Balimupiga jana mbele ya batu bote. Fimbo mpaka mupigaji akachoka, akapokelewa na mwingine. Batu balicheka. Bilikuwa bizuri kuona soda analia angalau mara moja. Miye nilicheka kuliko bote.

Kisha shimo. Balichimba mu lupango, karibu na kazi yangu. Bakamutia ndani, bakafunika na manjanja, na ni manjanja moja yangu balichukua, ile nzuri. Komanda amekataza chakula. Nikimwanga maji, ingine inapita mu matundu, namusikia anailamba.

Leo nilisimama juu ya shimo, nikalia sawa kuku yenye kutaga. Kó-kó-kó-kodák! Basoda bakacheka sana, bakanipa sigareti.

Mu nyumba Kavugho akauliza kama nimemutupia kitu ya kula. Nikasema nimemutupia wimbo.

Hakucheka.

Sasa suruali iko mwepesi. Komanda anasimama mbele ya bassin mpaka mbegu ya mwisho.

Siku ya posho, ya sita ya juma, 16 octobre

Imebaki mahindi kidogo chini ya kitanda. Kavugho alichemsha. Yake aligawa mara mbili, akafunga nusu mu jani ya ndizi, akafunga na kamba vizuri, akatia na ile chumvi. "Mupelekee mutoto wa batu kule mu shimo."

Nikapeleka. Nyuma ya ukuta ya muchuuzi nikafungua jani. Nikakula. Nilikuwa na njaa. Ilikuwa na chumvi.

Nikarudi na jani tupu. Akauliza amesema nini. Nikasema: amesema wasingya. Kavugho akafurahi sana: yule mutu wa mbali amejifunza asante yetu!

Miguu yake imevimba tena.

Siku ya kwanza, 18 octobre

Komanda alikuwa na furaha. Akaniita. "Vieux, kwa ule mwizi, tupia sawa makuku."

Bakafungua. Harufu ikatoka. Alikuwa amekaa chini, ndevu mu matope, jicho moja imefungwa. Nikakata mukeka ya majani, mukubwa, ya kijani muzuri. Nikasema kwa sauti ya batu bote basikie: "Kula, jogoo!"

Akakula. Hakuchagua. Majani, mizizi, maganda, yote, na mikono mbili, anatafuna na sauti. Nilikuwa nimetayarisha maneno ingine ya kuchekesha. Sikuisema. Basoda benyewe baliangalia pembeni. Komanda tu alicheka, kisha naye akachoka.

Wakati banafunika, Kaporali akasema kutoka chini, pole pole:

"Papa. Mama anapona?"

Banafunika.

Siku ya tatu, 20 octobre

Nimefika na ndoo. Manjanja yangu imerudishwa mahali yake, imeoshwa. Shimo haiko. Udongo sawa sawa, mupya, na alama za buti.

Nikauliza mwenye kulinda mulango. Akasema Kaporali ametumwa mbele, barabara ya Kirumba. Nikauliza na miguu gani. Akasema: "Musyakulu, muzee wangu, mwanga maji yako."

Nikamwanga maji yangu.

Kavugho amefunga jani ingine. Nimechukua. Nimekula nyuma ya ukuta. Nimemwambia amesema wasingya.

Siku ya posho, 23 octobre

Jani. Ukuta. Wasingya.

Siku ya pili, 26 octobre

Mahindi ya chini ya kitanda imeisha. Nimekata majani ya makuku kidogo, nikaficha mu kofia. Kavugho amechemsha. Iko uchungu, inashika ku meno. Amegawa mara mbili. Amefunga.

Nimemwambia akule yeye. Amesema: "Yeye analala mu udongo." Nimeshituka sana. Kumbe anasema ya shimo.

Siku ya posho, 30 octobre

Bameenda. Magari tangu asubui. Bamefunga makuku miguu, bamening'iniza kichwa chini ku pande za gari, sawa maua. Jogoo yangu ilikata kamba, ikakimbia chini ya ghala ya muchuuzi. Habakuwa na wakati ya kuifuata.

Batu bameingia mu lupango. Bamebeba milango, madirisha, kamba. Bamekanyaga udongo mupya, habajue. Miye nimebeba manjanja yangu na majani yake. Tuko makuku sasa, miye na Kavugho. Tutakula ile mpaka njia ya Vuhovi ifunguke.

Siku ya pili, 2 novembre

Siku ya bafu, ya kuombea wenye balikufa. Misa asubui, majina ingi. Padri anasoma, anakunywa maji, anasoma tena.

Mu nyumba Kavugho amechemsha majani. Anajua basoda bameenda, kartie yote inajua. Amegawa mara mbili. Amefunga yake mu jani ya ndizi, amekaza kamba.

"Mupelekee."

Sikuuliza wapi.

Nimeenda mu lupango. Hakuna mutu. Nimekaa chini karibu na udongo, nimefungua jani, nimeiweka pale. Sikukula. Imepoa. Jogoo ya jicho moja imetoka chini ya ghala, imezunguka, imesogea. Imeniangalia na ile jicho. Nimeiacha ikule.

Nimerudi na jani. Kavugho alikuwa amekaa mu kiti yangu, miguu mu maji.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

Amepokea jani. Ameiosha, ameipangusa na nguo yake, ameianika ku kamba ju ya kesho.