Sauti Yako kwenye Simu ya Duka

Mama yangu,

Leo nusura tupigane, mimi na Wafula, wanao wawili, ndani ya ofisi ya duka ulilotuachia Mbale. Sijui kama huko uliko mtu husikia mambo ya duka. Wewe nadhani unasikia, maana hata kitandani hospitalini ulikuwa ukiuliza kama vifaranga wametotolewa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipokea simu? Mteja wa Nakaloke anataka vifaranga, ana haraka, nawe unamuuliza nyumbani wameamkaje. Kisha mama mkwe wake. Kisha mvua. Nikikukonyeza kwamba wengine wanasubiri, unanijibu kwa Kiswahili chako cha kambini Jinja, ulikolelewa na babu askari: "Ngoja wewe. Kwanza nyumba, kuku itafuata." Nilikuwa nakasirika, lakini wateja hawakuhama.

Ulipofariki tulifungua tawi Bugembe. Simu zikazidi, Wafula akaweka mtambo wa kuzipokea: kwa vifaranga bonyeza moja, kwa chakula cha kuku bonyeza mbili. Mama, watu wako waliusalimia mtambo. Wakangoja mtambo uitikie. Ulipokosa kuitikia wakakata simu, wakatangaza sokoni kwamba watoto wa marehemu wana maringo. Mzee mmoja alinifuata mpaka dukani. "Mimi nasalimia, mtu anasema tu bonyeza, bonyeza," akaniambia. "Mimi si mtoto yake."

Kifaranga hangoji mambo yatulie. Waliototolewa wiki ile ya mtambo wametukulia mikononi, wanakula chakula tulichopaswa kuuza. Tukikosa wateja kwa wale wanaototolewa sasa, tawi la Bugembe tunalifunga.

Ndipo leo Wafula akanifungulia kompyuta. Amekusanya jumbe zote za sauti ulizotutumia kwenye simu, akaipa programu ijifunze kusema kama wewe. "Biashara ni sauti ambayo watu wanaiamini," akasema. "Kesho asubuhi tunaiwasha." Akabonyeza. Ukasema, "Habari ya nyumbani? Watoto waliamka?" Nikafungua mdomo nikuambie kwamba mwanangu mdogo ana homa, na kabla sijamaliza ukaniambia nibonyeze moja.

Wewe hukuwahi kunikatiza, mama.

Nilimfokea Wafula. Nikamwambia mteja akigundua anasalimiwa na marehemu hatakanyaga tena kwetu. Wateja hawakupenda sauti yako peke yake, walipenda kuulizwa na kungojwa wajibu. Tuajiri watu wawili wanaojua kusalimu, faida ikipungua na ipungue. Naye akanifokea, akasema kampuni haikui kwa kuulizana habari za mama mkwe, na kwamba ushamba wangu utalizika duka. Wafanyakazi wakatoka nje. Tulibishana mpaka sauti zikatukauka, mwishowe akasema haya, tuajiri.

Lakini ile sauti hakuifuta. Mkono ulibaki juu ya kompyuta, kisha akaisukuma upande wangu.

"Dada, futa wewe," akasema. "Mimi kila jioni naisikiza."

Nilikuwa sijui. Tulipokuzika alibeba jeneza, akapokea wageni, akalipa turubai, na sikumwona akitoa chozi. Nilitamani nimwachie. Nikafikiria atakavyozeeka akiongea na kitu kisichomngoja.

Nikafuta, mama. Ndipo akalia.

Pumzika kwa amani. Kesho simu za Bugembe nazipokea mimi.

Binti yako