Kamuti na Maji ya Mabati

Baba Mwende,

Asubuhi hii nimesikia tena maji yakidondoka. To. To. To. Nikaenda jikoni nikakuta ndoo zako za kuchujia zimekauka, kama nilivyoziacha. Nikasema, basi, huyu mtu hataki kupumzika. Ndipo nikaketi kukuandikia, maana nikikusemesha kwa sauti majirani watasema nimeanza wazimu.

Unakumbuka ulivyotoka Tawa na ule mche wa mkuyu ndani ya mkebe wa majani ya chai? Uliung'oa kwenye ufa wa ukuta wa darasa ulilokuwa ukifundisha, ukauleta kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kuku wa sikukuu. Nikadhani utaupanda shambani tupate kivuli. Wewe ukaupunguza mizizi, ukauvisha waya, ukauweka kwenye bakuli la udongo lisilotosha hata mboga ya mtu mmoja. "Utazeeka bila kuwa mkubwa," ukaniambia. Nikakujibu kwamba hata wewe uko hivyo hivyo. Ulicheka mpaka ukaweka bakuli chini.

Halafu akaja Mama Syombua, jirani yetu, kiongozi wa akina mama kanisani, kuazima ungo. Alipouona ule mti na waya zake alisimama mlangoni. "Ngai! Si hii ni kamuti?"

Wewe hukupepesa jicho. "Ni kamuti kweli. Kamuti kanini, kadogo tu. Kikamba si ni chako pia?"

Ndivyo neno letu lilivyo. Kamuti ni mti mdogo tu, na kamuti ni ule uchawi ambao watu huutaja wakishusha sauti. Mama Syombua alicheka, lakini alitoka kinyumenyume, na ungo akausahau. Tangu hapo ukawa unaniita kila asubuhi: "Mama Mwende, uchawi wetu umeamka, njoo uone." Nami nilikuja. Nilipenda kukuona umechuchumaa pale barazani na kikombe chako.

Maji yake ulikuwa huruhusu mtu ayaguse. Ya kisima cha soko, yale ambayo sabuni haitoi povu na chai inakuwa na ladha ya sarafu, uliyakataa kabisa. Uliukingia mti maji ya mabati, ya mvua ya paa letu, ukayapitisha kwenye ndoo yako ya mchanga wa mto, makaa na kokoto, yakadondoka taratibu kwenye ndoo ya chini. Kisha ulichovya kidole na kuonja. Nilikuuliza kwa nini unaonja maji ya mti. "Wewe ukipewa chumvi utatema," ukasema. "Huu hauna pa kutemea."

Ulipoondoka, mvua zilikuwa zimekwisha na tangi lilikuwa limejaa. Ulikuwa umelifagia paa mwenyewe, ukaifunga gata ya kuleta maji tangini, iliyolegea, kwa waya ule ule wa mti. Baada ya mazishi nilitazama lile tangi na sikuweza. Hayo ndiyo maji ya mwisho uliyokinga kwa mikono yako. Ningeyafulia nguo? Nikatia kufuli kwenye kile kisanduku kinachofunika mfereji wa tangi, na ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya leso yangu. Mti nikaamua kuupa maji ya kisima, lakini nikayachuja kwanza, mchanga, makaa, kokoto, kama wewe.

Mti ukaanza kuungua kingo za majani. Kisha udongo ukaota weupe juu, na bakuli nalo likapata utando mweupe mdomoni. Nikaufuta, ukarudi. Na asubuhi, ndoo zikiwa kavu, nikaanza kusikia maji yakidondoka.

Mama Syombua akaja, akaangalia, akanishika mkono. "Mama Mwende, hii mti inamfuata mwenyewe. Na ikimaliza kufa itatafuta mtu mwingine kwa hii nyumba. Jumamosi tuje na akina mama tuombe, tuichome." Niliogopa, Baba Mwende. Biblia yangu naisoma vizuri, na bado niliogopa.

Binti yako Mwende alipokuja kutoka mjini Wote alinikuta naumwagilia. Akachovya kidole, kidole chako kabisa kile, akaonja.

"Mwaitu, mama yangu, hii maji bado iko na chumvi."

"Nimechuja. Vile baba yako alikuwa anafanya."

"Baba alikuwa anachuja vumbi na mavi ya ndege kwa maji ya mabati. Makaa haitoi chumvi. Chumvi inapita tu." Akaangalia tangi, akaangalia kufuli. "Na hiyo iko na nini?"

"Iko na baba yako."

Akanyoosha tu mkono, nami nikafungua fundo la leso.

Ndani ya kile kisanduku, katika kiangazi hiki ambacho hata mbuzi wanakula makaratasi, majani mabichi yalikuwa yameota. Mfereji ulikuwa unavuja. To. To. Nililigonga tangi kwa ngumi kuanzia juu, likalia utupu, utupu, mpaka karibu na chini. Mimi nilikuwa nalinda kufuli, na wewe ulikuwa unaniponyoka kwa chini siku zote. Nililia pale nimepiga magoti matopeni, na Mwende akaniacha nilie.

Kisha akachota, mimi nikamimina. Tuliumwagilia mti ule mpaka maji yakatokea kwenye matundu ya bakuli, nikaonja. Chumvi kali. Tukamimina tena, nikaonja. Tena, mpaka yakakosa ladha. Ilipobaki jagi moja Mwende alileta chupa. "Weka kidogo, mwaitu. Ya kumbukumbu." Niliitazama ile chupa kwa muda, nikamrudishia. Jagi nikalimalizia kwenye mizizi.

Majani yote yameanguka sasa. Nimekwaruza gome kwa ukucha, ulivyonifundisha, na chini yake bado ni kijani. Sijui kama mti utapona. Mama Syombua nimemwambia Jumamosi aje, chai nitapika, maombi nitapokea, kiberiti akiache kwake.

Tangi halina kitu. Mfereji Mwende ameubadilisha. Ndoo ni kavu. Na bado leo nimesikia. Nilikuambia nilikwenda jikoni. Sikukuambia kwamba sauti ilitoka barazani, pale bakuli lilipo. Huko sikwenda. Nilisimama nyuma ya mlango mpaka ikanyamaza.

Lala sasa, mume wangu, ukiweza. Na kama ni wewe unayeunywesha mti, sikuzuii. Ila onja kwanza.

Mkeo,
Mama Mwende,
Kanyangi