Mtunzi na Wimbo wa Mama

Yaya Esperance, dada mkubwa wa moyo wangu,

Nakusalimu kutoka Durban, kwenye joto la kulowesha shati. Jana alasiri nilienda kumsikiliza mdogo wetu Neema akipiga fidla kwenye okestra. Mtunzi alisimama nusu saa nzima akitueleza kwamba muziki wake unahusu ukimya wa bahari. Kisha wakaanza kukwaruza nyuzi kama panya ndani ya sufuria. Mama mmoja wa Kizulu kando yangu akaninong'oneza, "Eish, watamaliza lini kujaribu vyombo, waanze kupiga?"

Katikati Neema akapotea kwenye karatasi za muziki. Nilimwona anapekua kurasa ovyo, na kazi yake kwenye okestra hiyo bado ni ya majaribio, nikaanza kusali. Akafumba macho, akapiga ule wimbo mama aliotubembelezea. Watu waliosinzia wakaamka. Mimi nililia.

Mwishoni mtunzi akamjia mbio. Neema akaanza, "Samahani, bwana, mimi..."

Mtunzi akamkumbatia. "Wewe peke yako umepiga nilichoandika!"

Kazi ameipata. Mbusu mama, umwambie wimbo wake umepigiwa makofi huku, ila aliyeinama kuyapokea ni yule bwana mtunzi.

Ndugu yako akupendaye,
Dieudonné