Majivu ya Jikoni Darasani

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii haitakufikia, lakini nikinyamaza leo nitapasuka.

Unayakumbuka maji ya kisima chetu cha Pangani, yaliyokuwa yakila sabuni bila kutoa povu? Ulikuwa unatia majivu ya makumbi ya nazi kwenye ndoo, unachuja kwa kanga kuukuu, ndipo unafua sare yangu. Nami, msomi wa kidato cha tatu, nikakwambia majivu ni uchafu na kwamba kemia huijui. Uliendelea kufua, na aibu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Sasa mwalimu wa kemia ni mimi. Siku hizi sianzi kwa kuwaambia wanafunzi wanakili ubaoni. Naanza na tatizo, wahangaike nalo wenyewe. Mkuu wa shule aliona napoteza muda. Akasema leo atakaa nyuma ya darasa, na asiporidhika nirudi kwenye chaki na madaftari.

Nikaweka mezani ndoo ya maji ya kisima kutoka Tongoni na kipande cha sabuni. Nikawauliza, maji haya yanakataa povu, mtayafanyaje? Wakasugua sabuni, wapi! Mwishowe Mwanahamisi, ambaye sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia, akasema bibi yake hutia majivu. Wenzake wakacheka. Nikawatuma jikoni kwa mpishi wakayalete.

Wakachanganya, wakachuja kwa kitambaa, wakatia sabuni, wakatikisa chupa. Povu likapanda hadi shingoni! Lakini raha yenyewe, Mama, ilikuwa Mhando, mbishi wetu, kukataa kuamini.

"Huenda kilichosafisha ni kitambaa, si majivu."

Basi wakachuja maji matupu kwa kitambaa kingine kama kile, sabuni kiasi kile kile. Povu hakuna. Darasa zima likapiga kelele, na mkuu wa shule alikuwa keshasimama katikati yao, mikono imelowa.

Kisha Mwanahamisi akaniuliza, "Madamu, bibi yangu alijuaje?"

Ya kitabuni kuhusu chokaa iliyomo majini ninayo, ila hakuuliza hilo. Nikasema sijui. Mkuu wa shule akasema bibi mwenyewe aitwe aje atueleze, nami niendelee kufundisha hivi hivi.

Anakuja kesho kutwa. Nitampa kiti changu, nikae na wanafunzi, ninyooshe mkono na mimi niulize. Wewe sikukuuliza, Mama.

Nakuombea rehema kila Ijumaa.

Binti yako