Baba Ashike Kijiko Mwenyewe

Mama,

Nimewahi basi la Gitega, chuo hakinisubiri. Maharage yamo chunguni. Baba msimlishe! Tangu apate kiharusi mnamtia tonge mdomoni kama kinda la ndege, eti heshima. Ashike kijiko kwa mkono wa kulia. Akitaka pombe ya ndizi, mrija pia aushike kwa mkono huohuo, mtaona utakavyochangamka.

~~Umeniumiza sana.~~ Si kitu. Asubuhi uliuliza ni binti gani anamwacha baba mgonjwa akachukue shahada ya pili ya kuwafundisha baba za watu kuvaa. Basi nikampa shati, nikakaa. Alinitukana kuanzia kifungo cha kwanza hadi cha mwisho. Vimekaa upande, msivirekebishe.

Nilipotoka alinipungia mkono. Ule mnaosema umekufa.

Bintiyo asiye na huruma,
Vumilia